Tongo na mishigi uani: namna ya kuwakaribisha ndege wala-mbegu Mombasa

Wengi wanaotaka ndege wadogo waje nyumbani huanza kwa kumwaga nafaka kwenye sahani juu ya ukuta. Siku ya pili sahani imejaa kunguru, ya tatu njiwa na shomoro, ya nne panya wameshaijua njia. Tongo na mishigi, waliokusudiwa, hawaonekani. Nafaka haina kosa. Ndege wa gramu tisa au kumi hashuki mahali peupe kufuata chakula asichokizoea. Hushuka penye nyasi zilizotoa mbegu, penye maji, na penye kichaka cha kukimbilia mwewe akipita. Yakitimia hayo matatu, sahani inakuwa nyongeza tu. Kwa hiyo kazi inaanzia ardhini.

Wageni wenyewe

Majina ya ndege hawa hubadilika mtaa hadi mtaa, na wengi huwaita wote shomoro. Hapa tongo ni wale wafupi wenye domo nene la kijivu, na mishigi ni wale wembamba zaidi, wengi wao wenye domo jekundu au la waridi.

Tongo utakayemwona kwanza ni Spermestes cucullata. Urefu wake ni kama sentimita 9. Kichwa ni cha kahawia iliyokolea karibu nyeusi, tumbo jeupe, ubavuni ana mistari, na begani ana kiraka cha kijani kinachometameta jua likimpiga sawasawa. Domo lake lina rangi mbili: juu jeusi, chini kijivu cha kibuluu. Mwenzake wa pwani ana kichwa na kifua vyeusi tii, mgongo wa rangi ya kutu, na vitone vyeupe kwenye mbawa. Makinda ya wote wawili ni ya kahawia tupu yasiyo na alama, na hayo ndiyo huwachanganya watu. Wakiona kundi ambalo nusu yake ni ya kahawia hudhani ni ndege wa aina nyingine, kumbe ni wazazi na watoto wao.

Mshigi wa kawaida, Estrilda astrild, ana utepe mwekundu unaopita machoni na mwili uliochorwa mistari myembamba kama kitambaa. Yeye hupenda nyasi za penye unyevunyevu: kando ya mitaro, mabondeni, penye mpunga. Mshigi wa samawati, Uraeginthus bengalus, ni rahisi kumtambua. Dume ana doa jekundu shavuni, jike hana. Huyu hupenda kula chini, akirukaruka mchangani, hivyo sahani ya kuning'inia humvutia kidogo.

Wengine watakaokuja mezani ni chiriku mwenye uso wa manjano na, panapo mishigi, fumbwe. Dume wa fumbwe katika msimu wa kuzaa huota mkia wa kama sentimita 20, mrefu kuliko mwili wake, na jike hutaga mayai katika viota vya mishigi. Usimfukuze kwa sababu hiyo. Kinda la fumbwe hulelewa pamoja na makinda ya mwenye kiota, haliwasukumi nje. Shida ya dume ni ukali wake kwenye chakula: anaweza kuihodhi sahani moja asubuhi nzima. Dawa yake ni sahani mbili zilizoachana mita tano au zaidi, kichaka kikiwa katikati, ili asiweze kuzilinda zote kwa wakati mmoja.

Nyasi kwanza

Tenga kipande cha mita 2 kwa 3 ambacho hakitafyekwa chote kwa pamoja. Hapo patajiotea nyasi za kienyeji, na mbegu zake ndizo ndege hawa wamezaliwa wakizila. Kigawe kipande mara mbili. Fyeka nusu ya kwanza, iache ikue wiki sita hadi nane, kisha fyeka nusu ya pili, na uendelee hivyo kwa zamu. Ukifyeka chote kwa pamoja, kundi litahama na huenda lisirudi hadi msimu ujao.

Kabla ya kufyeka, vunja suke moja ubinye mbegu kwa ukucha. Ukiona ute mweupe kama maziwa, rudisha panga nyumbani. Mbegu changa za namna hiyo ndizo wazazi hupendelea kuwalisha makinda, maana ni laini na zina maji ndani. Subiri hadi zikauke na kuanza kupukutika.

Ukitaka kuongeza nguvu, panda mawele. Katika joto la pwani na mchanga wake, mawele hustahimili kuliko wimbi. Kwa kipande cha mita 2 kwa 3, piga mistari minne iliyoachana nusu mita, ukipanda kwenye kina cha sentimita 2 hivi, na mimea ikishaota ipunguze ibaki moja kila sentimita 15. Utapata kama mimea 80, inayotosha kundi zima. Panda masika yakishashika, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Funika mistari kwa makuti siku tano au sita, la sivyo njiwa watafukua kila punje. Mche wa kwanza ukichomoza ondoa makuti siku hiyohiyo, maana ukichelewa miche hurefuka myembamba na kulala. Masuke huwa tayari baina ya siku 75 na 90. Usivune. Yaache yasimame hadi yabaki mabua matupu.

Maeneo kama Bamburi na Nyali, ambako jiwe la matumbawe liko kiganja kimoja chini ya udongo, inua tuta la sentimita 25 kwa kuzungushia mawe, ulijaze udongo uliochanganywa na mboji. Jiwe tupu halizuii kitu kuota: msitu wa Haller Park ulianza mwaka 1971 kwa miti ya mvinje iliyopandwa kwenye shimo la kuchimbia matumbawe. Ila usiweke kipande chako chini ya mvinje, kwa sababu zile sindano zake hutandika chini zulia zito, na nyasi hazipiti.

Majirani watauliza kuhusu nyoka, na wana haki ya kuuliza. Kiweke kipande mita tano au zaidi kutoka mlangoni, fyeka ukanda wa mita moja kukizunguka pande zote, na usirundike kuni, matofali wala mabati karibu yake. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata marundo na mabaki ya chakula.

Maji

Anayekula mbegu kavu hana budi kunywa kila siku. Katika miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, maji huwavutia ndege kuliko chakula. Tumia sinia la udongo au karai pana, kina cha maji kisizidi sentimita 3, na katikati weka jiwe la kukwaruza lililochomoza juu. Sahani ya plastiki yenye kingo laini huwatelezesha, na ndege mdogo akilowa mwili mzima hawezi kuruka.

Tumia maji matamu. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na ndege wa namna hii hawawezi kuitoa chumvi mwilini kama ndege wa baharini. Mwaga na usugue chombo kwa brashi kila asubuhi, au ukizidiwa na kazi, kila siku ya pili bila kukosa. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya huhitaji kama wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na mayai yake hunata kwenye kingo za chombo. Ukimwaga maji bila kusugua, mayai yatakusubiri.

Sahani ya kifuu

Kifuu cha nazi kinafaa kuliko sahani nyingi za dukani: ni chepesi, hakipati joto la kuunguza, na kikioza unakitupa. Chagua nazi kubwa, ikate nusu kwa msumeno, kwangua nyama yote na uanike kifuu juani siku tatu. Mabaki ya nyama ya nazi huoza na kuita siafu.

Toboa matundu matatu karibu na ukingo kwa ajili ya kamba, na matano membamba, milimita 1 hivi, kwenye kitako. Hayo ya chini ni ya kutoa maji ya mvua. Ukiyafanya ya milimita 3, wimbi lote litapukutika. Fungia kamba za kumbi zenye urefu sawa, uziunganishe juu. Juu ya sahani, nusu mita hivi, tundika paa: kipande cha makuti au kifuniko cha ndoo. Bila paa, masika yatageuza nafaka kuwa uji kwa nusu saa.

Itundike mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, na mita 2 au 3 kutoka kichaka kilicho karibu. Umbali huo una sababu. Ikiwa karibu zaidi, paka hujificha kichakani na kurukia. Ikiwa mbali zaidi, ndege hawana pa kukimbilia nao hawatakuja. Kwa mishigi wanaokula chini, tandika mchanga safi wa sentimita chache kwenye eneo la mita moja ya mraba hapohapo chini ya sahani, uwanyunyizie punje kidogo. Mchanga uchekeche kila wiki, ubadilishe kila mwezi.

Nini cha kuwapa, na kiasi gani

Ukubwa wa punje ndio unaochagua wageni. Mahindi yaliyovunjwa, mchele na mtama mkubwa ni karamu ya njiwa, shomoro na mnana. Wimbi na mawele madogo ni saizi ya tongo. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za wimbi kwa sehemu moja ya mawele. Vyote hupatikana soko la Kongowea kwa wauza nafaka.

Ndege wa gramu kumi hula kama gramu 2 au 3 za mbegu kwa siku. Kundi la ishirini basi linahitaji gramu 50 hivi, yaani kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Weka kikombe hicho baada ya alfajiri. Kikiisha kabla ya adhuhuri, kesho weka kimoja na nusu. Kikibaki hadi alasiri, punguza. Maghribi ikikaribia hakikisha sahani ni tupu na chini pamefagiwa. Chakula kinacholala nje ni cha panya, na panya akishazoea uani atapanda hadi kwenye viota.

Nunua nafaka ya kula, kamwe usinunue mbegu za kupanda. Mbegu za duka la pembejeo mara nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, na ndiyo maana huwa na rangi nyekundu, ya waridi au kijani. Punje chache tu zinaweza kumuua ndege mdogo. Kuijua nafaka iliyozeeka, tandaza punje 20 juu ya kitambaa kibichi. Baada ya siku tatu au nne zikiota 14 au zaidi ni nzuri. Zikiota tano, rudi kwa mwenye duka. Ikinuka uvundo au ukiona unga wa kijani au mweusi, itupe yote, usijaribu kuianika ili kuiokoa. Sumu inayotengenezwa na kuvu haitoki kwa jua. Unyevu wa Mombasa ni mkubwa, kwa hiyo nunua kilo moja moja, uhifadhi kwenye debe au chupa yenye kifuniko kinachobana.

Wakati wa kuzaa unaweza kuwapa wimbi lililooteshwa. Loweka saa 12, suuza, chuja, acha kwenye chujio lililofunikwa kitambaa kibichi siku moja hadi ncha nyeupe ionekane. Kwa joto letu suuza mara tatu kwa siku, la sivyo linachacha. Mpe asubuhi, toa lililobaki ifikapo adhuhuri.

Majike wanaotaga huhitaji chokaa. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufuoni unafaa sana: uloweke kwenye maji matamu siku mbili ukibadilisha maji, uanike, kisha uuning'inize kwa waya. Usipoupata, tumia maganda ya mayai yaliyookwa dakika kumi na kupondwapondwa.

Mkate, wali, chapati na maandazi visikaribie uani kabisa. Havina faida kwa wala-mbegu, nao ndio mwaliko wa kunguru.

Kuhusu msimu kuna jambo linalowashangaza wengi. Wiki za njaa kali si lazima ziwe za ukame. Masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi hadi Mei, mbegu zote zilizolala ardhini huota kwa mpigo, na nyasi mpya bado hazijatoa suke. Hapo ndipo sahani yako ina kazi kubwa, na watu wengi huiondoa wakidhani mvua imeleta neema. Nyasi zikishazaa, ndege wataisahau sahani, na hiyo ni dalili njema.

Kunguru

Kunguru wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Sumu ya kazi hiyo ni ya wataalamu wenye kibali. Usitege sumu yako mwenyewe uani, kwa sababu tongo, paka wa jirani na kuku watakuwa wa kwanza kuila.

Kinachofanya kazi nyumbani ni kizimba. Chukua wavu wa kuku wenye tundu la inchi 2, tengeneza pipa la kipenyo cha sentimita 60, ufunike juu na chini, na kifuu kikae katikati kabisa. Tongo na mishigi hupita, kunguru na njiwa hawapiti. Kifuu kikiegemea upande mmoja, kunguru ataingiza shingo na kumaliza nafaka yote, hivyo acha zaidi ya sentimita 20 kila upande. Wavu wa inchi moja huonekana salama zaidi, lakini humo ndege hupita kwa kujibana, na akishtuliwa akiwa ndani anaweza kujiumiza. Kata ncha zote za waya au uzikunje zielekee nje.

Magonjwa

Ndege aliyetutumka manyoya mchana wa jua, macho yamefumba nusu, haondoki ukimkaribia, ni mgonjwa. Ukimwona mmoja, ondoa sahani na maji kwa wiki mbili. Inauma kuwaacha, lakini mkusanyiko ndio unaoeneza ugonjwa. Osha vyombo kwa klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, acha dakika kumi, suuza mara mbili, anika juani. Bila mgonjwa yeyote, fanya hivyo kila wiki mbili, na kila wiki wakati wa masika. Vifuu ni vya bure, badilisha kila baada ya miezi michache.

Viota

Tongo hujenga mpira wa nyasi wenye mlango ubavuni, na hujenga pia viota vya kulala tu, kwa hiyo usishangae kuona kiota kisicho na yai hata moja. Wanapenda miti ya miiba: mndimu, mkunazi, bogenvilia iliyoachwa ikasongamana. Usipogoe miti hiyo nyasi zikiwa na mbegu. Mshigi wa samawati wakati mwingine hujenga karibu na manyigu kwa makusudi, ili wamlinde, kwa hiyo kama manyigu wako mbali na njia ya watu, waache.

Unaweza kuwawekea vifaa: mabua membamba makavu, manyoya ya kuku, nyuzi za kumbi. Nyuzi zikatwe zisizidi sentimita 5. Uzi mrefu, nywele za bandia na nailoni za mishipi hujifunga miguuni, na kinda hufia kiotani likijaribu kuruka.

Usimfungie ndege yeyote katika hawa. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumtega au kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa, iwe kwa wavu, tundu au ulimbo. Watoto wa mtaani wakija na manati, waonyeshe kiota kwa mbali na uwape kazi ya kujaza maji. Hufanya vizuri kuliko watu wazima.

Ukikuta kinda chini, litazame manyoya kwanza. Likiwa na manyoya kamili na mkia mfupi, linajifunza kuruka. Mfungie paka ndani na uondoke, wazazi wako karibu wanasubiri. Likiwa uchi au lina vinyweleo tu, litie mkononi lipate joto, kisha ulirudishe kiotani kwa kuliingiza kwenye mlango wa ubavuni, miguu mbele. Harufu ya mkono wako haitawafukuza wazazi. Kiota kikiwa kimeanguka chote, kifunge kwa kamba ya kumbi kwenye tawi la karibu, mlango ukielekea upande uleule uliokuwa, na ukitazame kutoka dirishani kwa saa moja.